Kulungu Aliyesikiliza

Tangu mama mkwe wake atue Toronto, mwezi wa tisa mwaka 2014, Mutuma aligeuka mwindaji. Mtu ambaye hata panya wa jikoni huwapisha, ghafla ana buti za mpira, ana kofia ya rangi ya machungwa, na kila Jumamosi alfajiri anatoka kwake, mtaa wa Flemingdon Park, na chupa ya chai kuelekea msituni, huko kaskazini ukishapita Richmond Hill. Majirani wa ghorofa ya tisa walidhani amepata kazi ya pili.

Mwalimu wake alikuwa Noordin, mwenzake wa kazini, Mhindi wa Mwanza anayemwaga Kiswahili. Noordin alikuwa na kibali cha kuwinda kwa upinde katika shamba la mzungu mmoja, na kabla ya msimu alifunga kamera kwenye mti, ya aina ile inayojiwasha yenyewe kitu chochote kikipita mbele yake. Kazi ya kamera ni kupeleleza: kulungu gani anapita, saa ngapi, anatokea wapi. Alimwonya Mutuma asiende huko kila mara, maana kulungu wakinusa binadamu wanahama njia. Mutuma aliitikia ndiyo, ndiyo, na Jumamosi iliyofuata akaenda tena.

Ukweli ni kwamba kulungu hawakumhusu hata kidogo. Alikuwa anamkimbia mkwe wake, Mama Jepkosgei.

Si kwamba alimchukia, jamani. Mutuma alilelewa na nyanya yake kule Meru, na nyanya huyo alimfundisha kwamba mama mkwe hukai naye karibu, humwangalii usoni, wala huli naye meza moja. Sasa nyumba yenyewe sebule moja, choo kimoja, mtu atamheshimu mkwe wake akiwa wapi? Mama akiingia sebuleni, Mutuma anahamia jikoni. Mama akija jikoni, Mutuma anakumbuka kupeleka taka chini. Heshima ilimtoa jasho.

Lakini Mama Jepkosgei, mwalimu mkuu mstaafu wa Kapsabet, hakuona heshima yoyote. Aliona mwanamume asiyemtaka nyumbani kwake. Alikuwa amekuja kumsaidia binti yake Cherono, mwenye mimba ya kwanza, na Alhamisi moja akikunja nguo akamwambia kwamba atabadilisha tiketi aondoke Jumatatu. Hawezi, alisema, kumfukuza mwenye nyumba kwake kila wiki eti kwa sababu anasubiri mjukuu.

Cherono alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Alimwambia mumewe kwamba hawezi kuzaa katika nchi hii bila mama yake, na kwamba safari hii amwombe abaki, mwenyewe, kwa mdomo wake. Mutuma akaahidi. Jumamosi ilipofika, akaenda msituni.

Huko, mbele ya mti mmoja mnene, alivua kofia akafanya mazoezi. Aliyarudia maneno mpaka yakakaa sawa, akarudi nyumbani kifua mbele. Mama akamfungulia mlango. Mutuma akamuuliza kama anasikia baridi. Mama akasema kidogo tu, na mambo yakaishia hapo.

Jumapili mchana, wametoka kanisani, sanduku la Mama limeshafungwa, Noordin akapiga hodi. Alikuwa ametoka msituni na kadi ya kamera mkononi, uso unang'aa. Wiki iliyopita, alieleza, aliibadilisha mipangilio: sasa haipigi picha tu, inarekodi video na sauti. Hajaangalia bado, ameona aje waangalie wote, Mama asiondoke bila kuona kulungu wa Kanada. Mutuma alikuwa bado analitafakari lile neno sauti wakati kadi inachomekwa kwenye televisheni.

Akapita rakuni, mnyama mdogo wa huko mwenye mkia wa mistari. Wakapita kulungu majike wawili. Kisha akatokea Mutuma, kofia mkononi, akiusalimia mti.

"Mama," alisema Mutuma wa kwenye televisheni. Akakohoa. "Hapana, hapo nimeanza vibaya."

Mutuma wa sebuleni aliruka kutafuta rimoti. Rimoti ilikuwa mapajani mwa Mama Jepkosgei, na kwa mafunzo ya nyanya yake, hata nyumba ingekuwa inaungua asingethubutu kuichukua hapo.

"Mama, mimi sikukimbii. Nakuheshimu mpaka nimechoka. Usiondoke. Cherono akishikwa na uchungu, mimi nitajua nini? Mimi najua kompyuta. Naogopa, Mama. Mama yangu tulimzika nikiwa mdogo, sijui mtu anaishije na mama ndani ya nyumba. Nifundishe."

Nyuma yake, katikati ya miti, akajitokeza dume la kulungu, pembe zimetanda, akasimama pale pale akisikiliza. Noordin akashika kichwa. Alikuwa amemsaka dume huyo msimu mzima, naye Mutuma amempa mgongo.

Mutuma alitamani sakafu ipasuke immeze, ghorofa zote tisa. Mama Jepkosgei akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa leso, akaivaa tena.

"Huo mti ulikujibu nini?"

"Haukujibu, Mama."

"Basi mimi nakujibu. Siondoki mpaka mtoto aote meno. Na ukitoroka tena Jumamosi, nitakufuata huko huko msituni."

Akaanza kucheka, mabega yakimtikisika. Cherono akacheka huku analia, na Noordin akauliza kwa adabu kama sasa angeweza kurudisha nyuma kidogo azione tena zile pembe.

Mama akalipiga kochi kwa kiganja, kumwita mkwe wake. Mutuma akaketi ukingoni kabisa, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Angesogea zaidi ya hapo, nyanya yake angefufuka. Mama akaitazama ile nafasi, kisha akamtazama yeye.

"Sawa," alisema. "Hapo atakaa mtoto."