Mgeni wa Kompyuta ya Ofisi ya Maji

Kompyuta ya ofisi ya maji ilipozima tena, fundi alikuwa amelala chali chini ya meza, tochi mdomoni, akitoa vumbi kwenye feni kwa brashi ya rangi ya kucha aliyoiazima kwa mkewe bila mkewe kujua. Juu yake, karani wa dirishani aliwaambia watu wa foleni wavute subira, mtambo umelala. Watu wakahema, wakabadili mguu wa kusimamia. Mzee mmoja akauliza fundi yuko wapi. Karani akamwonyesha viatu viwili vilivyochomoza chini ya meza. Mzee akavitazama viatu vile kwa muda, akakunja karatasi zake, akaenda zake nyumbani.

Fundi alisikia yote. Alijihesabu kuwa mtaalamu, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kumhesabu hivyo, kazi hiyo aliifanya mwenyewe kila asubuhi wakati wa kunyoa ndevu.

Ugonjwa wenyewe ulianza hivi. Programu ya kumbukumbu za wateja ilikuwa ya kizamani na haikukubali kukaa kwenye kompyuta mpya. Kompyuta ya zamani ilipoanza kutoa moshi, fundi aliinakili yote kama ilivyo, akaiweka ndani ya ile mpya kwa kutumia programu inayotengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Mafundi huiita ile ya nje mwenyeji, na ile ya ndani mgeni. Mgeni anakula kumbukumbu ya mwenyeji, anafikiri kwa ubongo wa mwenyeji, wala hajui kwamba yuko ugenini. Kila asubuhi walikaa vizuri. Lakini kila alasiri mwenyeji alizimia: skrini inageuka buluu, yanatokea maneno meupe ya lawama, halafu giza. Siku ambayo mgeni hakufunguliwa, mwenyeji alikuwa mzima wa afya. Karani aliliona hilo mapema sana. Fundi alihitaji muda zaidi.

Kwanza aliushuku umeme. Akalishuku joto. Akamshuku panya wa darini, ambaye baada ya kunaswa alionekana hana hatia. Ndipo akafanya kazi ya kweli. Alipunguza kumbukumbu aliyompa mgeni, akasasisha programu, akazima antivairasi, na mwishowe akakuta programu ya pili ya aina ileile, ambayo yeye mwenyewe aliiweka kwa majaribio akaisahau. Programu mbili zilikuwa zinagombea ubongo mmoja. Aliiondoa, akaita ofisi nzima, akawaeleza chanzo cha tatizo huku kifua kiko mbele. Kompyuta ilizima akiwa bado anaeleza.

Kesho yake aliacha kugusa chochote. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mgeni na kumtazama. Alasiri ilipokaribia aliongeza mwanga wa skrini, akaona kitu ambacho angekiona zamani kama angekuwa na tabia ya kukiangalia kitu kabla ya kukitengeneza. Nyuma ya majina ya wateja kulikuwa na chumba. Kilikuwa masjala ya zamani, na mapazia yake ya kijani na makabati ya chuma, na mtunza faili wake, ambaye wote walimwita Mama Masjala, ameketi kitini, miwani puani. Karani alipoandika jina la mteja, Mama Masjala aliinuka, akavuta droo, akatoa faili, akalisoma, na jibu likatokea kwenye skrini.

Huyu ndiye mwanamke aliyeachishwa kazi wiki ileile mgeni alipoanza kutumika. Meneja alieleza siku ya kumuaga kwamba programu sasa inafanya kazi yake yote, na katika hilo hakusema uongo.

Fundi akakumbuka siku ya kunakili. Mama Masjala alikataa kuondoka mezani kabla ya muda wa kazi kwisha. Alikaa palepale, kiwiko juu ya kompyuta, muda wote mashine ikinakili. Fundi alikuwa amechagua kunakili kila kitu.

Karani alichungulia begani kwake. "Kumbe Mama yupo," alisema. "Ndiyo maana majibu yanakuja na shikamoo kwa wazee."

Muda wa kufunga ulipofika, Mama Masjala alijitanda mtandio, akachukua mkoba, akaenda ukutani kwenye swichi kuu. Ilikuwa amri ya ofisi kwamba anayetoka wa mwisho huzima umeme, na mle ndani yeye ndiye wa mwisho, maana ndiye pekee. Swichi ile haikuwa na umeme wa kuzima isipokuwa wa mwenyeji. Aliibonyeza. Skrini ikawa buluu, kisha giza.

Fundi alikwenda kwa meneja akamweleza. Meneja alisikiliza huku akiendelea kutia saini, kisha akauliza kama huyo mama bado ni mtumishi wa ofisi. Fundi akasema hapana, si mlimwachisha.

"Basi hatuna tatizo la mtumishi," meneja akasema. "Tuna tatizo la kompyuta. Na la kompyuta ni lako."

Asubuhi iliyofuata fundi alikwenda nyumbani kwa Mama Masjala. Alimkuta uani, miguu imenyooshwa juu ya kigoda, binti yake akianika nguo. Fundi alisalimia, akapewa kiti, akaanza kuzunguka mbuyu: mara vumbi, mara panya. Mama Masjala alimwacha amalize.

"Mama, nimekuja kukwambia kwamba upo ofisini," hatimaye akasema.

"Najua, mwanangu. Nashinda hapa sijainua hata ndoo, jioni miguu imevimba. Mtu anajijua akitoka kazini."

Binti alieleza kwamba daktari aliwaambia ugonjwa huo ni wa kukaa bure, akamwandikia mama yake matembezi. Matembezi yamemchosha zaidi, kwa kuwa sasa ana kazi mbili.

Fundi akakiri kwamba yeye ndiye aliyemtia mle. Mama Masjala hakukasirika. Alisema siku ile fundi alimwambia atachukua kila kitu, na kweli akachukua, kwa hiyo kazi aliifanya vizuri. Fundi aliyapokea maneno hayo kama sifa. Baada ya miaka yote ile ofisini, zilikuwa sifa zake za kwanza, na hakutaka kuzichunguza sana.

Kisha akamwomba, kwa heshima zote, asiwe anaizima ile swichi.

"Nisipozima, nitajuaje kama siku imekwisha?" Mama Masjala akauliza. "Waambie wakubwa zako wanirudishe au wanitoe. Wachague kimoja."

Fundi alilipeleka ombi. Meneja alisema kumrudisha haiwezekani, uamuzi umeshapita, na kumtoa pia haiwezekani, watu watahudumiwa na nani? Akamkumbusha kwamba mafundi mjini ni wengi kama nzi. Fundi, ambaye alikuwa na watoto wanaosoma na brashi ya rangi ya kucha ya kulipa, alirudi kwenye kiti chake.

Dawa aliyoipata ilikuwa safi, na ndiyo dawa pekee aliyowahi kuipata bila kumuuliza mtu. Aliikata ile swichi ya ndani isimguse mwenyeji, ikabaki kuzima taa za masjala tu. Alasiri Mama Masjala alibonyeza, chumba kikawa cheusi, na kompyuta ya nje ikaendelea kuwaka kama kawaida. Ofisi nzima ilipiga makofi. Meneja akampa mkono mbele ya watu. Kisha, kwa kuwa mtambo sasa hauzimi, akatangaza kwamba dirisha litahudumia mpaka jioni, na makarani watafanya kwa zamu.

Jioni hiyo fundi alikaa akatazama. Taa za masjala zilizimwa. Jina la mteja likaingia. Taa zikawashwa, Mama Masjala akaweka mkoba chini, akavuta droo. Taa zikazimwa. Jina jingine likaingia.

Nyumbani mkewe alimuuliza siku ilikwendaje. Akajibu kwamba ameitengeneza, haizimi tena.

"Sasa Baba Watoto, mbona una uso wa mtu aliyevunja?" mkewe akauliza.

Fundi akasema ni uchovu. Mkewe akamdai brashi yake.

Kompyuta haikuzima tena. Fundi alipewa cheti chenye jina lake limekosewa herufi, akakitundika hivyohivyo. Mara mbili tatu alimwambia meneja habari za yule mama, na kila mara meneja alijibu kwamba jambo linafanyiwa kazi, jambo ambalo kila mtu pale aliweza kuliona likifanyiwa kazi kwenye skrini.

Siku ya mapumziko yake alikwenda kumpelekea Mama Masjala majibu hayo. Alimkuta na ungo wa maharage mapajani. Mama alisikiliza, akatikisa kichwa, akafungua mdomo kusema neno. Mikono yake iliondoka kwenye maharage, ikavuta kitu hewani, kikubwa na kizito kama droo ya chuma, ikaanza kupekua.

"Ana mteja," binti akasema.

Fundi alisubiri. Mikono ilipekua kwa muda mrefu. Ilielekea faili lilikuwa limewekwa vibaya. Binti akamwondolea mama yake ule ungo, akauweka mbele ya fundi. Fundi akakunja mikono ya shati, akaanza kuchambua. Baada ya kitambo binti akamwambia, kwa adabu, kwamba anatupa maharage na kubakiza mawe.