Puto la Watu Wawili

Tangu Kitinda aolewe na kuhamia mji mwingine, Puto halikutoka tena mfukoni. Ndivyo familia ilivyoliita tanga kubwa la mbele la mashua yao, jekundu lenye mistari ya manjano, jepesi kama shela. Upepo ukitokea nyuma lilivimba mpaka mashua yenyewe ikaonekana kitu kidogo kilichoning'inizwa chini yake. Lakini lilitaka watu watatu. Mama alishika usukani, Baba alivuta kamba, na Kitinda, mwepesi kama paka, alikuwa kule mbele akipambana nalo.

"Sasa tumebaki wawili," Baba Kitinda alisema kila mkewe alipoligusia, "na mmoja wetu ana mgongo huu."

Alikuwa fundi wa mafriji. Miaka ya kupandisha mafriji ngazini ilikuwa imemharibia mgongo, naye aliuzungumzia kama mtu anavyomzungumzia mkwe mkorofi: usimguse, usimuudhi, na akianza kulalamika mpishe.

Mama Kitinda alikuwa mpima macho. Kutwa nzima aliwauliza watu, "Unaona vizuri na hii, au na hii?" na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kutobishana na mtu. Kwa hiyo hakubishana. Jumamosi moja, pale gatini, aliona mashua ya jirani ikipandisha tanga kama lao likiwa ndani ya mfuko mrefu wa kitambaa, kama mguu ndani ya soksi. Tanga lilifika juu ya mlingoti likiwa limelala fofofo. Mwenye mashua akavuta kamba moja nyembamba, soksi ikapanda juu na tanga likafunguka. Baadaye akavuta kamba ya pili, soksi ikashuka na kulimeza lote. Mtu mwenyewe alikuwa peke yake, tena anatafuna karanga.

Mama Kitinda alirudi nyumbani na kuitoa cherehani chini ya kitanda.

Soksi aliishona kwa kitambaa chekundu cha hema kuukuu, na mdomo wake akautia duara alilolikata kwenye ndoo ya plastiki, ili ukae wazi. Ilipokwisha, hakuwa na mahali pa kuijaribia. Waliishi ghorofa ya tatu, na sebule yao haikutosha hata robo ya Puto. Akalining'iniza ngazini, kutoka kwenye reli ya juu kabisa mpaka chini, akasimama mlangoni kwake kuvuta kamba.

Jirani wa chini alifungua mlango akitoka kwenda kutupa takataka, akakuta ukuta mwekundu mbele ya pua yake.

"Mama Kitinda! Hili pazia ni la jengo zima?"

"Si pazia, jirani. Ni soksi."

"Makubwa! Ya mguu wa nani?"

Baba Kitinda, aliyekuwa ndani amejifanya anasoma gazeti, alishindwa kujizuia. Akatoka na gazeti lake mkononi huku akicheka, akasimama nyuma ya mkewe kuangalia. Soksi ilikuwa ikishuka kidogo na kukwama, ikishuka na kukwama.

"Hilo duara lako lina meno," akasema.

"Najua. Liache tu."

Lakini kumwambia fundi aache kitu kinachokwama ni kazi bure. Aliingia ndani, akarudi na bomba jembamba la shaba la friji, akalikunja taratibu kwa goti mpaka likawa duara, akaziba maungio yake vizuri. Walipolitia kwenye mdomo wa soksi, likateleza juu ya Puto toka juu hadi chini bila kugusa hata uzi. Baba Kitinda akavuta tena. Kisha tena. Jirani akapiga makofi, akaenda zake na takataka zake.

"Hii haimaanishi nimekubali," Baba Kitinda akasema.

"Nani kasema umekubali?" mkewe akajibu, na akageuka upande wa pili asionekane anatabasamu.

Jumapili ziwa lilikuwa na upepo mzuri, wa kutosha kupeperusha kofia lakini si wa kuiiba. Walipitisha kamba zote kwenye kapi, vile vigurudumu vya kuongozea kamba, mpaka nyuma, zote ziwe karibu na mkono wa mwenye usukani. Mbili tu za soksi zilibaki mbele, na hizo Baba Kitinda alizishika akiwa ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye mlingoti.

"Mkwe anasemaje?" Mama akauliza kutoka nyuma.

"Ametulia. Usimwamshe."

Mama akavuta, na soksi ikapanda mlingotini, ndefu, nyekundu, imelala. Mumewe akavuta kamba yake. Soksi ikakimbilia juu, na Puto likafunguka kwa kishindo kilichowashtua ndege majini. Mashua ikachomoka. Maji yakaanza kuimba ubavuni, na Mama Kitinda akajikuta anapiga kelele kama msichana. Baba Kitinda alikuwa ameinua uso, mdomo wazi, anaangalia ule wekundu uliojaa mbingu yote mbele yake.

Wakala raha mpaka wakasahau kuangalia nyuma. Upepo ulipoongezeka, uliwakuta hawajajiandaa.

"Lishushe!" Mama akapaza sauti.

Baba Kitinda akavuta kamba ya kushushia. Soksi haikushuka. Puto lilikuwa limejaa kupita kiasi, na kila alipovuta lilimwinua makalio kutoka sakafuni. Mashua ikalala ubavu, maji yakaruka na kumpiga usoni.

"Kitinda!" akaita kwa sauti yote. "Kitinda, achia kamba!"

Mama Kitinda alisikia vizuri. Lakini mikono haikusubiri. Aliachia kamba iliyokuwa imeshika pembe ya Puto, na pale pale akageuza usukani ili tanga la kawaida, lile la nyuma ya mlingoti, lilikinge Puto na upepo. Puto likalegea, likajikunja kama shuka inayoanuliwa.

"Vuta sasa, Baba Kitinda! Taratibu!"

Akavuta. Soksi ikateremka, ikalimeza Puto hatua kwa hatua, mpaka ikabaki soseji ndefu nyekundu inayoning'inia kama vile haijawahi kufanya fujo yoyote.

Mashua ikanyooka. Wote wawili walikuwa wanatweta, wameloa chapachapa.

"Nimemwita," Baba Kitinda akasema bila kugeuka.

"Nimesikia."

"Sikukusudia. Mdomo umezoea."

"Hata mimi asubuhi nimetia vikombe vitatu mezani. Nikakirudisha kimoja kabla hujaingia."

Baba Kitinda akageuka kumtazama. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye nyusi, na haikujulikana yote yalitoka ziwani au la. Kisha akaanza kucheka, kwanza polepole, halafu mpaka akashika mbavu, na Mama naye akaambukizwa.

"Kosa letu ni moja tu," mkewe alisema alipopata pumzi. "Kwanza kukinga upepo, ndipo kuvuta. Tumefanya kinyume."

"Kosa letu? Mwenye usukani nani?"

"Haya, kosa langu."

"Basi nipe mimi huo usukani, uje huku mbele uone lilivyo zito."

Alitambaa kurudi nyuma, mkono kiunoni, akiguna, lakini hakukaa chini kupumzika. Mama Kitinda akampisha. Hakuwahi kukaa kule mbele tangu wanunue mashua. Siku zote palikuwa na mtu mwepesi zaidi. Akaketi, akaegemea mlingoti, akazishika kamba mbili nyembamba, na mbao za sakafu zikatetemeka chini ya miguu yake.

"Uko tayari?" Baba Kitinda akauliza.

"Subiri nivue miwani, upepo usije ukaniibia."

Akaitia mfukoni, akafunga zipu, akavuta.