Kinu Iliyoolewa Mwanza

Jumamosi ile Kinu ilifungwa mabao matatu na Kinu ikashinda mawili kwa moja, na Bibi Efrazia hakujua acheke au anune.

Iliyofungwa ilikuwa Kinu ya redioni, ile ya Mwanza, yenye basi lake na wachezaji wanaolipwa mshahara. Iliyoshinda ilikuwa Kinu ya hapa Nyarero, inayocheza kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha kahawa kilichofungwa zamani, na kipa wake siku hiyo alitoka moja kwa moja kupalilia mahindi, miguu ikiwa bado na udongo. Zote mbili zinavaa kahawia. Zote mbili zinasema zilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda. Na Efrazia alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho hicho. Alikaa kwenye benchi la wanawake wa kuchambua buni miaka mingi, mpaka leo akienda kwa jirani anajikuta anachambua maharage ya watu bila kuombwa.

"Bibi, wewe unashangilia ipi?" mjukuu wake Jenipha alimuuliza, akizima redio.

"Nashangilia Kinu."

"Ipi sasa?"

"We mtoto, usinichoshe. Kinu ni Kinu."

Lakini moyoni hakuwa na hakika. Ni kama kuambiwa una mtoto mmoja, halafu wakija kula wanakuja wawili, na wote wanakuita mama.

Jumatatu asubuhi, likizo ya shule ikikaribia kuisha, gari jeupe likasimama nje ya boma. Alishuka binti mmoja mwenye ushungi, mpole, na kijana mwenye miwani ya jua na buti safi. Binti akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Jenipha, leta viti."

Binti alijitambulisha kuwa anaitwa Samira, anatoka klabuni Mwanza. Klabu inatimiza miaka hamsini, nao wanataka kuandika historia yake tangu mwanzo, na wameambiwa kwamba kati ya watu wa mwanzo aliyebaki mwenye kumbukumbu ni Efrazia. Yule kijana aliitwa Daudi, mtu wa kampuni inayomiliki klabu. Alisalimia vizuri, akanywa uji wa wimbi nusu kikombe, kisha akasema yeye anakwenda kutazama uwanja.

Efrazia akafurahi. Miaka sita alikuwa akisubiri watu wa Mwanza waje kusalimia. Akamtuma Jenipha amwite Mzee Simoni, aliyekuwa mshambuliaji wa Kinu enzi zile, na sasa anatembea na mkongojo na bado anamdharau kila mshambuliaji aliyekuja baada yake.

"Klabu ilianzaje?" Samira aliuliza, simu yake ikiwa inarekodi.

"Ilianza na ngumi," akasema Simoni.

"Ilianza na mawe," akasema Efrazia.

"Ngumi! Watu wa koo mbalimbali tumewekwa kwenye mashine moja. Asubuhi ng'ombe wa huyu wameibwa, mchana anamwangalia mwenzake hivi. Tukapigana mpaka meneja akatununulia mpira. Akasema, mkitaka kupiga, pigeni hicho."

"Simoni, mpira ulikuja, lakini mngeuchezea wapi? Pale nyuma palikuwa mawe matupu." Efrazia akamgeukia Samira. "Marehemu mume wangu, Gidion, ndiye aliyekuwa anaendesha mashine ya kukoboa. Ndiye aliyesema, anayetaka namba aje ang'oe mawe. Zamu ikiisha watu wanaingia na mitalimbo. Na sisi wanawake wa benchi tulibeba. Haya mabega yangu unayoyaona, moja liko chini. Ni uwanja ule."

"Ulibeba mawe matatu ukaanza kuimba," Simoni akasema.

"Na wewe ulibeba mangapi? Ulikuwa unashika mtalimbo kama mtu anayepiga picha."

Samira alicheka mpaka simu ikatikisika. Akauliza kuhusu rangi. Hapo wazee wakapatana. Athuman, fundi cherehani wa mjini Tarime ambaye wazazi wake walitoka pwani, aliwashonea jezi nyeupe kabisa. Baada ya mechi ya kwanza watu wakazifulia kiwandani, kwenye maji ya kumenyea kahawa, zikatoka kahawia. Athuman alipoziona alikaa chini kwenye nyasi akashika kichwa. Ndiyo rangi mpaka leo.

"Na ilikuwa mwaka gani?"

"Mwaka ule mvua ilibeba daraja," akasema Efrazia.

"Daraja lilibebwa mara mbili," akasema Simoni. "Ni mwaka ule nilioingia jando."

"Uliingia jando una ndevu, watu walishasahau kukuhesabia."

Samira akasubiri. "Sasa wazee wangu, niandike upi? Sherehe ya miaka hamsini ni mwezi ujao."

Efrazia akafikiri, akaona haya. "Inawezekana imeshapita, mwanangu. Au haijafika. Ninyi fanyeni tu sherehe."

Walikuwa katika hayo Jenipha alipoingia mbio, mkono mmoja umeshika viatu vyake vya mpira.

"Bibi! Yule kaka anapigilia vigingi uwanjani. Amesema wasichana tusifanye tena mazoezi pale."

Efrazia alinyanyuka taratibu, kama kawaida yake, akaenda. Simoni akamfuata na mkongojo, na Samira nyuma yao. Ni kweli. Daudi na vibarua wawili wa kutoka mjini walikuwa wamechimbia vigingi vya zege upande mzima wa kaskazini, penye lango la kuingilia.

"Daudi mwanangu, hivi ni vya nini?"

"Mipaka, bibi. Kampuni itajenga maghala hapa. Kiwanda kilipofungwa, uwanja waliiachia klabu. Si ndiyo?"

"Ndiyo. Waliiachia Kinu."

"Basi. Na Kinu ni yetu. Tuliinunua miaka sita iliyopita, kila kitu chake."

Alisema bila ukali. Efrazia alimtazama, akautazama uwanja, akayapitia yale maneno kama buni mkononi: uwanja ni wa Kinu, Kinu iko Mwanza, kwa hiyo uwanja uko Mwanza. Lakini uwanja uko hapa, ameukanyaga. Moja moja kila neno lilikuwa zima. Akiyaweka pamoja yalikuwa yanamtoa yeye na marehemu Gidion na mawe yao yote nje ya uwanja.

"Kwani Kinu ya hapa ni nini?" akauliza.

"Ile ni timu ya mtaani tu, bibi. Haijasajiliwa."

Simoni akatema mate pembeni. "Samira, na wewe ulijua?"

Macho ya binti yalijaa machozi. "Mimi nilitumwa historia, babu. Wallahi."

Siku ile Efrazia hakula. Alikaa kwenye zizi akiwatazama ng'ombe wake, hasa yule mwekundu anayeitwa Kona kwa sababu tangu aingie zizini husimama kwenye pembe ile ile. Maziwa ya Kona ndiyo yanayomweka Jenipha shuleni. Na alipokuwa akimtazama ndipo alipokumbuka vizuri siku Kona alipokuja.

Kinu ilikuwa imepanda madaraja mpaka karibu na ligi ya juu kabisa, na Nyarero haikuweza tena hata nauli ya kwenda mechi za mbali. Wakaja watu wa kampuni. Mtu fulani mjini Tarime alikuwa amewaambia kwamba huku huwezi kwenda kwa wazee mikono mitupu, nao kwa adabu kabisa wakanunua ng'ombe, wanne, wazima, wakawaswaga mpaka kwa Efrazia kwa kuwa ndiye mkubwa wa watu wa kiwanda. Ng'ombe wakaingia kwa mlango mkubwa wa boma. Wazee wakawakagua meno na kwato, wakamkataa mmoja, akaletwa mwingine. Dume likachinjwa, pombe ya wimbi ikanywewa. Simoni na wenzake wa kamati wakasaini karatasi, na wachezaji wakapanda gari watu wakiimba. Vijana waliobaki wakaendelea kucheza nyuma ya kiwanda kwa jina lile lile.

Sasa, niambie wewe: ng'ombe wazima wakiingizwa zizini kwako mchana kweupe, wazee wakawakagua na kukubali, Mkurya gani atasema ameuza kitu? Nyarero yote ilisema Kinu imeolewa Mwanza. Walisema kwa kucheka, lakini walisema. Ndiyo maana Efrazia alisubiri miaka sita wakwe waje na sukari. Ndiyo maana hakukasirika alipoona kwenye televisheni wamembadilishia binti nywele na kumpa jezi yenye matangazo. Binti akishaolewa ni wa kwao.

Lakini hakuna mtu aliyewahi kuoa binti akarudi kuchukua na jiko la mama yake.

Asubuhi akaenda kwa Simoni. "Nataka kurudisha ng'ombe."

"Umechanganyikiwa, Efrazia."

"Nimechanganyikiwa, ndiyo. Lakini ng'ombe naweza kuwashika, uwanja siwezi. Mkwe akiharibu, unafanyaje? Unamrudishia mahari, unachukua binti yako."

Simoni akaegemeza mkongojo ukutani. "Na Kona?"

"Na Kona."

Wazee wakaitana, ritongo, baraza lao, ikakaa pale pale uwanjani, watu wakajaa mpaka juu ya ukuta wa kiwanda. Daudi alikuja kwa kuwa alidhani ni mkutano wa kutambulisha mradi. Hata alikuwa na mchoro mkononi. Kabla hajaufungua akamwona Efrazia anaingia kwa lango la kaskazini, katikati ya vigingi, akimvuta Kona kwa kamba, na Jenipha nyuma yake akiswaga mwingine. Jenipha alikuwa anafuta macho kwa mkono wa blauzi.

"Hawa ni wenu," Efrazia akasema. "Mmoja alikufa ule mwaka wa ukame, dume tulilila pamoja. Hawa ndio waliobaki. Chukueni ng'ombe wenu, mturudishie Kinu yetu."

Daudi akaangalia huku na huku. "Bibi, wale walikuwa zawadi."

Watu wakaguna. "Zawadi gani inakaguliwa meno?" mama mmoja akapaza sauti. "Mkwe huyu hajafundishwa!" akajibu mwingine, na kicheko kikapita ukutani.

"Mimi si mkwe wa mtu! Tulinunua klabu! Kuna mkataba!"

"Karatasi nilisaini mimi," akasema Simoni. "Hata ndoa ya kanisani ina karatasi."

Daudi akamgeukia Samira kama mtu anayezama. Samira naye, bila kukusudia mabaya, akauliza kitu kilichokuwa kinamtatiza: "Sasa bibi, kama ni ndoa, mume ni nani? Kampuni au klabu?"

Hapo hata ritongo ilikwama. Mzee mmoja akasema mume ni kampuni. Mwingine akasema kampuni haiwezi kuoa, haina ukoo. Wa tatu akakumbusha kwamba hapa hata mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mke kwa ng'ombe wake, akajenga nyumba yake, kwa hiyo lililo muhimu ni nani katoa ng'ombe, si nani ana ndevu. Wakabishana. Efrazia alisimama na kamba yake akiwasikiliza, na kila aliyesema alimwona amesema kweli. Alijua jambo moja tu, kwamba bega lake moja liko chini.

Basi wakati huo Kona, ambaye hakuzoea watu wengi, akashtushwa na vuvuzela ya mtoto mmoja ukutani. Akaruka. Kamba ikamchomoka Efrazia, na ng'ombe akaenda mzima mzima kuelekea gari jeupe. Daudi alikuwa njiani. Akafanya ambalo mtu yeyote angefanya: akaidaka kamba, akaburutwa hatua kadhaa, buti safi zikachimba mtaro, akamsimamisha.

Vigelegele vikapanda.

"Amepokea!" watu wakapiga kelele. "Amepokea ng'ombe!"

"Sijapokea! Nimemzuia tu!"

"Mura, kijana wangu, kamba iko mkononi mwako," Simoni akamwambia, kwa upole kabisa. "Imekwisha."

Daudi akaitazama ile kamba. Angeiachia, Kona angepasua kioo cha gari. Akaishika. Akapiga simu Mwanza kwa mkono mwingine, na watu wa karibu walimsikia akisema, "Hapana bosi, ng'ombe... Ndiyo, nimemshika... Sijui. Sijui bosi, naomba mwanasheria aje mwenyewe."

Mwanasheria hajaja mpaka leo. Inasemekana atakuja, inasemekana kuna kesi, inasemekana hakuna. Vibarua wa mjini waliondoka, na Nyarero hakuna aliyekubali kuchimba shimo hata moja la uzio wa mkwe aliyekwisha kurudishiwa ng'ombe. Vigingi vinne watoto wameving'oa, wakavihamishia kwenye pembe za uwanja na kuvipaka chokaa, ndivyo vya kona sasa, na Jenipha na wenzake wanafanya mazoezi kama zamani. Samira alituma ujumbe kwamba sherehe imesogezwa mpaka mwaka ujulikane.

Waliobaki ni Kona na mwenzake. Gari la Daudi halibebi ng'ombe, kwa hiyo jioni ile, akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, alimwomba Efrazia amtunzie kwa siku chache tu. Efrazia akakubali, maana mtu hawezi kumkatalia mgeni jambo dogo namna hiyo. Kona akarudi akasimama kwenye pembe yake.

Asubuhi Efrazia alikaa chini na kibuyu, akashika chuchu, akaacha. Kama ng'ombe ni wa Mwanza, maziwa ni ya nani? Na kama Kinu imerudi nyumbani, wale wanaocheza redioni Jumamosi ni nani?

"Bibi, nachelewa shule," Jenipha akasema mlangoni.

Efrazia akakamua. Kikombe cha kwanza akampa mtoto. Kilichobaki akakifunika, akakipeleka uwanjani, akakiweka nyuma ya goli kwa ajili ya yeyote atakayekuja amevaa kahawia.

Jumamosi akawasha redio. Kinu ilishinda. Akapiga kigelegele kabla hajakumbuka ni ipi, kisha akaziba mdomo kwa kiganja, akatazama mlangoni kama kuna aliyemsikia.