Waliosimama Nje ya Mlango

Mwalimu Teodora akishaamua jambo, hata umletee trekta humng'oi. Muhula ule aliamua kwamba Kidato cha Pili, pale Igoma, wataandika hadithi za kutisha. Alikuwa amechoshwa na insha za safari, ambamo kila mtoto alipanda basi Nyegezi na kila mtoto akaibiwa begi.

Akawafundisha kwa moyo wote. Alichora ubaoni nyumba kuukuu juu ya majabali, akawaambia hofu haianzi na damu. Inaanza na mlango uliofungwa na nyayo ambazo hazina mwenyewe. Mayala, kiranja, mtoto asiyenyamaza hata kanisani, alisahau kufunga mdomo.

Ijumaa Mayala akasoma hadithi yake mbele ya wenzake. Bibi kizee, macho mekundu, anaishi juu ya mawe, anafuga fisi. Makofi yakapigwa, kisha shingo zote zikageukia dawati la Getruda. Getruda alilelewa na bibi yake, Bibi Ajwang, aliyebanika sangara kwa moshi wa kuni nyuma ya nyumba yao, na macho ya bibi yule yalikuwa mekundu miaka nenda rudi. Mwalimu akaziona zile shingo, akadhani ni utani utakaopita. Tena akampa Mayala alama za juu.

Jumatatu Getruda hakuja. Jumanne pia hakuja, ila simu ya mzazi ilikuja.

"Wanasema unafundisha uchawi," mkuu wa shule alimwambia. "Achana na mambo hayo, Mwalimu. Alhamisi kuna kikao cha wazazi, utaomba radhi, basi."

"Kuomba nitaomba," Teodora alijibu. "Kuacha, hapana."

Akapanda mawe hadi kwa Bibi Ajwang. Alimkuta mlangoni, panga miguuni, na sinia la samaki limejaa, hakuna aliyekuja kununua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa hadithi?"

Lo! Teodora alitamani ardhi ipasuke aingie.

"Watoto wamezisoma hadithi zao nyumbani," bibi aliendelea. "Wakubwa wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Sasa hawanisalimii. Usiku watu wanasimama hapo nje, wananong'ona. Nikiuliza ni nani, hawajibu."

Getruda alikuwa ndani, nyuma ya pazia. "Sirudi shule, Mwalimu. Nikiondoka, nani atabaki naye?"

Macho mekundu yamewaponza vikongwe wengi kanda hii ya ziwa, watu wameuawa, na kosa lao moshi wa jikoni. Mwalimu alilijua hilo, na bado alimpa Mayala alama za juu. Alijichukia. Akashuka moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, wala hakubanduka kwenye kiti mpaka yule mzee alipoahidi kuweka watu wa doria.

Kesho yake akachora ubaoni nyumba ile ile.

"Mnaandika upya. Giza ni lile lile, ila safari hii mko ndani. Wewe ndiye bibi. Nje kuna watu."

"Sasa Mwalimu," Mayala akauliza, "mbaya wa hadithi ni nani?"

"Andika. Utakutana naye."

Alhamisi wazazi walijaa, wengine wamenuna kwelikweli. Mkuu wa shule akamkonyeza Teodora aanze kuomba radhi. Akasimama.

"Nimekosa," alisema. "Niliwafundisha watoto kutisha, nikasahau kuwafundisha ni nani asiguswe. Mayala, njoo usome."

Mayala akasoma. "Nimezima taa. Wako nje. Mmoja amekohoa, nikamjua. Kikohozi hiki nakisikia kila Jumamosi, akija kuchukua samaki. Nikasema, ni nani? Hakujibu." Hapo mtoto akakwama. Akamtazama baba yake, aliyekaa safu ya pili. "Mwalimu, sitaki kumalizia."

Hakuna aliyemlazimisha. Baba Mayala aliinamisha kichwa, na kikao kikaisha bila mtu kutaja tena uchawi.

Jioni ile Teodora alikwenda kukaa na Bibi Ajwang. Alisema ataenda kila siku, na angekwenda, mnamjua. Kagiza kalikuwa kanaingia, watu wa doria hawajafika bado, waliposikia nyayo juu ya mawe. Za watu wengi. Zikasimama mlangoni. Getruda akamshika mwalimu mkono, na Teodora, aliyefundisha hofu kwa chaki siku zote zile, akapapasa komeo la mlango. Hiki ndicho alichokuwa akikichora.

Bibi akashika panga. "Ni nani?"

Mtu akakohoa.

"Ni mimi, bibi. Baba Mayala." Sauti ilikuwa ya chini. "Niko na mke wangu, na Mayala, na majirani. Shikamoo."

Bibi Ajwang hakuitikia. Alikaa na panga lake mapajani muda mrefu, na walio nje nao wakasimama, hakuna aliyeondoka.

"Usiku ule mbona hukujibu?" hatimaye akauliza.

"Niliona aibu, bibi."

"Basi leo sema jina lako tena. Na wenzako waseme yao, mmoja mmoja, niwasikie."

Wakayasema, hadi la mtoto. Ndipo bibi akasema, "Marahaba," akamwambia Getruda afungue mlango, na kesho asichelewe shule.