Nguruwe Mwenye Mataifa Mawili

Kwa miaka saba nilimtafunia magimbi nguruwe wa baba. Alikuwa ameng'olewa meno ya juu ili yale marefu ya chini yapate nafasi ya kujikunja mpaka yawe duara, na nguruwe wa namna hiyo hapewi kitu kigumu. Jino likivunjika, kazi yote imekwisha. Duara lilipokamilika, baba yangu Tariboe akatangaza siku ya kumwua uwanjani ili apande daraja la heshima; kwetu kila daraja la wanaume hula kwenye moto wake. Wageni wa vijiji vitano wakafika na viazi vikuu vyao. Siku hiyo ikipita bure, baba angeendelea kula kwenye moto wa vijana, na mvi zake zile.

Siku mbili kabla, nguruwe akakata kamba akaenda moja kwa moja kwenye bustani ya nyasi ya serikali.

Serikali zilikuwa mbili. Kisiwa chetu cha Pentekoste kilitawaliwa na Waingereza na Wafaransa kwa pamoja, kwa hiyo vitu vyote vilikuwa viwili viwili: mabwana wakubwa wawili, polisi wawili, milingoti miwili iliyopimwa kila asubuhi, bendera moja isije ikaizidi nyingine. Nguruwe alichimba katikati ya milingoti. Nilipofika nikawakuta mabwana wakubwa wamepiga magoti na utepe wa kupimia. Ikaonekana pua ilikuwa upande wa Mwingereza na makalio upande wa Mfaransa. Basi Mwingereza akamshitaki kwa kuchimba, Mfaransa kwa kunya. Kila mmoja akamfunga kamba yake, akampa polisi wake aishike.

Baba akaja kuomba arudishiwe nguruwe wake. Wakamwuliza yeye mwenyewe ni wa taifa gani, wakatazama kitabuni, wakaandika kama walivyotuandika sote wenye visiwa: hana. Na asiye na taifa angoje serikali zote mbili zikubaliane. Kisha wakaja kwa nguruwe. Mama yake alitoka kwa mfanyabiashara Mfaransa, basi naye ni Mfaransa. Mwingereza akapinga, kwamba dume lililompanda lilikuwa la misheni ya Kiingereza. Kufika saa kumi nguruwe alikuwa na mataifa mawili.

"Ningejua," baba akaniambia njiani, "ningezaliwa na jike la yule mfanyabiashara."

Hakucheka, nami sikucheka.

Mwingereza alimpa nguruwe biskuti za meli, ngumu kama mawe. Mfaransa alimpa maganda ya mkate mkavu. Nikawaambia kwamba jino litavunjika, chakula chake hutafunwa kwanza. Wakashauriana sana, wakaandika amri: kitafunwe, kwa usawa, na watumishi wa serikali. Kwa hiyo kesho yake kutwa nzima Molisa, polisi wa Mwingereza, na Bule, polisi wa Mfaransa, walitafuna. Wote wawili walikuwa watu wa kwetu.

"Mimi niliapa kwa Malkia," Molisa alisema mdomo umejaa. "Sikuapa kutafunia nguruwe."

"Tafuna, shemeji," Bule akamjibu. "Malkia wako anakuangalia."

Asubuhi ya sherehe ngoma zikaanza kusikika. Mashavu yao yalikuwa yamevimba, na wangemwachia hata bure, ila wa kwanza kuachia kamba angekuwa ameipa ushindi serikali ya mwenzake. Wakakubaliana waachie pamoja. Wakahesabu mpaka tatu, mara nne, na mara zote kamba zikabaki mikononi.

"Hujaachia."

"Wewe je, umeachia?"

Nilikuwa nimekaa pale tangu alfajiri nikiwatazama. Nikawauliza amri inasemaje. Wakasema, wasiachie kamba. Nikauliza kama inasema wasimame wapi. Haikusema.

"Basi twendeni," nikasema. "Huyu amezoea kutembea asubuhi."

Katikati ya njia Molisa akapunguza mwendo. Kwetu, anayeshika kamba nguruwe anapopigwa ndiye aliyemtoa zawadi.

"Dada Leisale," akaniambia polepole, "kamba hii ni ya Malkia."

"Rudi basi," Bule akamwambia. "Rudi wewe kwanza."

Hakurudi. Wakaingia naye uwanjani, kamba zimekazwa huku na huku. Rungu la baba likashuka mara moja tu. Sikufumba macho. Mtangazaji wa sherehe akatazama kamba na walioishika, akatangaza kwamba Waingereza na Wafaransa wamempa Tariboe nguruwe wa duara, apande.

Mabwana wakubwa wakafika wakihema. Walipoelezwa, hawakuuliza habari ya nguruwe. Waliuliza jina la nani limetajwa kwanza. Mfaransa akasusa, ikabidi itangazwe upya, na watangazaji wawili, kwa pamoja, mabwana wakiwa wamesimama wima. Kisha wakaandika kwenye vitabu vyao kwamba wametoa.

Baba akakaa kwenye moto wake mpya, peke yake, kama daraja lile linavyotaka. Wanawake hatuukaribii. Nilisimama kwenye ua nikamwangalia akila, anatafuna taratibu, na mimi mdomo wangu ukawa unatafuna naye, hauna kitu ndani.