Hatua ya Kwanza ya Kidoti

Picha ile ilipigwa Jumamosi asubuhi, na aliyeipiga ni baba wa mtoto mwenyewe. Mtoto, ambaye watu wote walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo juu ya mdomo, alionekana amesimama wima sebuleni, mguu mmoja mbele, anacheka hadi macho yamefumba. Nyuma yake lilining'inia pazia la samawati. Asiyeonekana ni mama yake, aliyechuchumaa nyuma ya pazia hilo na kupenyeza mikono chini ya gauni la mtoto ili amshike kiuno.

"Usitikisike, mke wangu," mumewe alisema. "Hapo hapo. Tayari."

Alimwambia ni picha ya kumtumia bibi yake mtoto. Mama Kidoti akaamini, akaenda zake kazini. Alikuwa mshonaji wa mapazia, na siku hiyo alikuwa na madirisha kumi na mawili ya hoteli ya kukamilisha. Ilipofika saa sita, mwenzake wa cherehani ya pili akaruka kutoka kitini na kumkumbatia. "Hongera, shoga yangu! Kumbe ametembea na hata hukusema?"

Mama Kidoti akachukua simu yake. Picha ilikuwa kwenye ukurasa wao, na chini yake mumewe ameandika: *Hatua ya kwanza! Tuliomba, Bwana amejibu.*

Ukurasa huo waliufungua wiki ya harusi yao, miaka minne nyuma, wakauita Safari Yetu na Bwana. Mumewe alikuwa fundi wa viyoyozi, mtu mcheshi, mwepesi wa kusaidia, ila akishika jambo hapoi. Waliweka picha za kila walikokwenda: kwenye maporomoko ya maji, kwa wakwe, kwenye mkutano wa injili nchi ya jirani. Mimba ilipoonekana wakaiweka. Jino la kwanza likawekwa. Na kila asubuhi, kabla ya chai, waliweka mikono yao miwili juu ya Biblia iliyofunguliwa, simu imeegemezwa kwenye kikombe, wakaomba. Watu walipenda. Wanawake wasiomjua walimsimamisha sokoni wakamwambia, "Mnatutia moyo jamani."

Lakini Kidoti alifika mwaka mmoja na nusu bila kusimama. Mama yake alimpeleka kliniki, na mtaalamu wa viungo, mwanamke mnene mwenye mikono laini, akamkunja na kumkunjua mtoto kwa muda mrefu. "Misuli yake milegevu," akasema. "Atatembea, mama, ila atachelewa. Mazoezi kila siku, na msimlazimishe." Baba Kidoti aliisikia habari hiyo kwa simu, akiwa juu ya ngazi na bisibisi mkononi. Alisema tu, "Tutaomba." Na huku chini ya picha zao watu walikuwa wameanza kuuliza. Mbona hatumwoni akitembea? Mmefunga na kuomba kweli?

Jioni ile ya Jumamosi Mama Kidoti alimngojea mumewe mlangoni.

"Umesema uongo."

"Nimesema kwa imani. Nimetangulia kidogo tu."

"Futa, baba Kidoti."

"Nifute nini, na watu mia saba wameshaitikia amina?" Akajaribu kucheka, kicheko kikamgomea. "Wiki mbili, mwezi, atatembea. Nani atakumbuka tarehe?"

Kabla ya huo mwezi kwisha, Mchungaji akapiga simu. Ndiye aliyewafungisha ndoa, ndiye aliyemwekea mtoto mikono siku ya kumtoa kanisani. Kulikuwa na semina ya familia changa, siku tatu, katika mji wa mbali wenye baridi, na alitaka watoe ushuhuda. "Njooni na huyo mshindi wetu," akasema. Baba Kidoti alijibu ndiyo kabla mkewe hajafungua kinywa.

Walisafiri kwa muda wa saa sita kwenye gari la kazi, lenye mabomba ya shaba nyuma na harufu ya gesi isiyotoka hata ukifungua madirisha yote. Mumewe aliimba njia nzima. Mara mbili alisimamisha gari wapige picha, na mara zote mbili Mama Kidoti alimbeba mtoto.

Walipofika alielewa kwamba kumbeba ndiyo itakuwa kazi yake. Walipangiwa chumba kwenye bweni refu lenye familia kumi na nane, kuta nyembamba kiasi cha kusikia jirani akipiga mswaki. Nje kulikuwa na uwanja wa nyasi, na watoto wa rika la Kidoti walikimbia humo kama vifaranga.

"Mteremshe acheze na wenzake," wanawake walimwambia.

"Ana mafua kidogo."

Mchana akasema mtoto amechoka na safari. Siku ya pili akasema ni mwoga wa watu, ingawa Kidoti alikuwa akiwapungia mkono wote na kujinyonganyonga mikononi mwake kwa hamu ya kushuka. Mpaka jioni hakukumbuka tena nani amemwambia nini. Mabega yalimwaka moto. Mkono wa kushoto ulikufa ganzi kuanzia kiwiko, akawa anakula kwa kijiko huku amempakata mtoto, anatabasamu, anaitikia.

"Nipokee basi hata dakika kumi," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini.

"Nikimbeba mimi watataka nimrushe juu, nimsimamishe. Kwako ni salama zaidi. Kesho tunamaliza."

Mahali pekee penye mlango wa komeo palikuwa bafuni. Alijifungia humo, akatandika taulo sakafuni na kumweka Kidoti chini. Mtoto akatambaa kwa furaha kutoka ndoo hadi mlangoni na kurudi, akipigapiga vigae kwa viganja. Mama yake akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa na kutaka kuomba. Hakujua aanzie wapi. Miaka minne alikuwa ameomba mumewe akitangulia, yeye akifuatisha, simu ikitazama. Sasa maneno yale yote mazuri yalikuwa ya ukurasa, hakupata hata moja lililokuwa lake.

"Mungu, nitoe humu," alisema hatimaye.

"Kuna mtu?" Mlango ukagongwa.

"Yupo," akajibu, akambeba mtoto.

Siku ya tatu ukumbi ulijaa. Baba Kidoti alisimulia vizuri, kama kawaida yake. Alisimulia harusi, safari, mimba, jino. Alipofika kwenye hatua ya kwanza sauti ikamtetemeka, na mkewe, aliyesimama kando yake na mtoto ubavuni, akajua kwamba kwa wakati huo mumewe alikuwa anaiamini ile picha.

Ukumbi ukapiga makofi. Mchungaji akapanda jukwaani, akachuchumaa hatua tano mbele yao na kunyoosha mikono. "Mteremshe, mama. Aje kwa babu yake."

Alimtazama mumewe. Baba Kidoti alitazama viatu vyake.

"Mteremshe, usiogope."

Si kwamba alipata ujasiri. Mkono ulikuwa umechoka. Alipiga magoti, akamweka Kidoti chini, na Kidoti, aliyefungiwa siku tatu, akaondoka kwa kutambaa kama aliyefunguliwa kamba. Akampita Mchungaji, akaenda moja kwa moja kwenye waya wa kinanda.

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza.

"Hajatembea," Mama Kidoti alisema. Hakuwa na kipaza sauti, lakini safu za mbele zilisikia, na za mbele zikaziambia za nyuma. "Bado hajatembea. Nilikuwa nimemshika."

Alifikiri yamekwisha. Alifikiri watakasirika, watawafukuza, na kufukuzwa kulionekana kwake kama mlango wa kutokea. Lakini Mchungaji alibaki amechuchumaa kwa muda mfupi tu, kisha akasimama, uso umemng'aa.

"Basi Bwana ametuleta hapa kwa kusudi! Leo atatembea! Simameni, kanisa!"

Watu mia mbili wakasimama. Mikono ikanyooshwa. Mtu akamwinua Kidoti kwa makwapa na kumsimamisha, miguu ikakunjika, wakamsimamisha tena. Sauti zilipanda. Mtoto akaanza kulia, na kadiri alivyolia ndivyo walivyoomba. Mama Kidoti alijaribu kupita, wanawake wawili wakamshika mabega kwa upole, wakifikiri anaanguka. Miguu ikakunjika mara ya tatu.

"Niachieni mtoto wangu!" Alipiga kelele ambayo hakujua anayo. Akamnyakua, akashuka ngazi za jukwaa na kutoka nje.

Mumewe alimkuta kando ya gari. Baba Kidoti alikuwa na mabegi yote mawili, amepitia chumbani kuyachukua.

"Twende nyumbani," akasema.

Ila basi la kwaya lilikuwa limeegeshwa nyuma yao, pua yake ikikaribia kugusa mlango wao wa nyuma, na dereva hakuonekana. Mbele kulikuwa na ukuta. Baba Kidoti alizunguka basi mara mbili, akapiga honi, akarudi akaketi nyuma ya usukani. Ndani ya ukumbi walikuwa wameanza kuimba.

"Niliogopa watasema hatukuomba vya kutosha," alisema Baba Kidoti. "Halafu nikaanza kujiuliza kama ni kweli."

Mkewe alikuwa anamsugua Kidoti magoti.

Baba Kidoti akatoa simu, akaandika taarifa ya kuweka kwenye ukurasa wao, akampa asome. Ilikuwa ndefu, yenye majaribu ya watakatifu na mistari miwili ya Biblia.

"Toa mistari."

Akatoa. "Na sasa?"

"Toa na watakatifu."

Zikabaki sentensi tatu: kwamba mtoto hajatembea, kwamba picha ilikuwa ya uongo, kwamba aliyedanganya ni yeye na si mkewe. Akaituma, akaizima simu na kuitupa kwenye kisanduku cha bisibisi. Kisha akafumba macho. "Baba uliye mbinguni, tunakuja mbele zako..." Akakwama. Alimtazama mkewe amsaidie.

"Mimi siwezi," alisema Mama Kidoti. "Sasa hivi siwezi. Usinilazimishe na mimi."

Walikaa garini karibu saa nzima, madirisha wazi, watu wakianza kutoka ukumbini na kupita mbali kidogo na gari lao, wengine wakiwapungia mkono, wengine wakijifanya wanatafuta kitu mifukoni. Hatimaye dereva akaja akijipangusa mdomo. "Samahanini jamani, nilikuwa nakula."

Basi likarudi nyuma. Baba Kidoti akawasha gari, akaingia barabarani, na kwa kilomita nyingi hakuimba.

"Jumapili twende kanisani?" aliuliza.

"Tutakwenda," mkewe akasema. "Twende wapi kwingine?"

Kidoti, aliyekuwa amesinzia kwenye kiti cha nyuma, alikuwa ameamka, anavuta mkanda uliomfunga, anataka kushuka. Mama yake akanyoosha mkono wake uliokuwa bado na ganzi, akampa kidole ashike.