Orodha ya Vyandarua vya Kisawasawa

Siku ile mjinga alikuwa Fulgensi, na mwenyewe hakatai. Asubuhi hiyo ya mwaka tisini na sita, katika ofisi ya mradi wa malaria pale Ifakara, alikaa mbele ya kompyuta anatamba kama bwana harusi. Alikuwa ameunganisha majedwali matatu, la watu, la nyumba na la vijiji, yakawa orodha moja ya kuchungulia. Ukiifungua inakuuliza: kijiji gani? Unaandika jina, watoto wa kupewa vyandarua wanajipanga wenyewe.

Aliandika Kisawasawa. Wakatoka mia mbili na kumi na moja. Nje gari la kupeleka vyandarua lilikuwa linanguruma, dereva keshapiga honi mara tatu.

Nesi Digna, aliyekizunguka kijiji kizima kwa miguu, alipitisha kidole kwenye karatasi iliyotoka kwenye printa. "Mapacha wa Kandida wako wapi?"

"Kompyuta haisahau, dada Digna. Labda umechoka."

"Iliyochoka ni miguu. Watafute."

Fulgensi akafungua jedwali la watu. Mapacha walikuwemo, ila penye namba ya nyumba palikuwa patupu. Na wenzao kama hamsini hivi. Ulikuwa msimu wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Familia zilikuwa zimehamia mashambani, zinalala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo katikati ya mpunga, na waandikishaji walikuta milango imefungwa, wakawaandika huko huko shambani bila namba ya nyumba. Kiungo chake cha majedwali kilimchukua mwenye namba ya nyumba tu.

Akakirekebisha kibakize watu wote, mwenye namba na asiye nayo. Akaulizwa tena, akaandika tena Kisawasawa. Mia mbili na kumi na moja, vilevile. Akainuka, akakaa, akainuka. Kumbe swali lenyewe alilifunga kwenye kijiji kilichoandikwa katika jedwali la nyumba. Asiye na namba ya nyumba hana jibu, anatupwa nje. Ilibidi alihamishie kwenye kijiji kilichoandikwa katika jedwali la watu, kisha printa ianze upya kukwaruza kurasa zote.

Honi tena.

"Nendeni na hawa," alisema, anaikunja karatasi. "Wa madunguni tutawapelekea mwezi ujao."

"Mwezi ujao mbu watakuwa wamewamaliza."

"Lakini kiutaratibu hawana makazi, dada. Mtoto wa dunguni nimwandike wapi?"

Digna alivuta kiti, akaketi katikati ya mlango. "Mama yako aliniambia alikuzalia dunguni. Wewe walikuandika wapi?"